Mwalimu wa gym, lijue kopo kabla hujampa mchezaji

UKIKATIZA mitaa ya Mwananyamala, Tandale, Tandika hadi Mbagala jioni, hukosi kusikia vyuma vikigongana. Gym za mtaani zinajaa, na humo hawamo mabaunsa peke yao. Wamo pia vijana wa mchangani wanaojifua kwa ajili ya Ndondo Cup, huku wakiota kuitwa kwenye majaribio ya timu ya Ligi Kuu.

Wengi wana swali moja kwa mwalimu: watumie nini ili mwili ujae haraka? Hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Kijana wa mchangani hana daktari wa timu wala mtaalamu wa lishe. Mwalimu wa gym ndiye kila kitu, na mwalimu akichemka, anayefungiwa ni mchezaji.

Mastaa yaliwakuta

Mwaka 2011, beki wa Manchester City, Kolo Toure, alifungiwa miezi sita baada ya kumeza vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito. Februari 2021 ikawa zamu ya kipa wa Ajax, Andre Onana. Alikutwa na furosemidi, dawa inayoongeza mkojo, akajitetea kwamba alikosea akameza kidonge cha mkewe. UEFA ilimpa miezi 12, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikaipunguza hadi tisa.

Mamadou Sakho wa Liverpool alisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya dawa ya kuyeyusha mafuta, akaikosa Euro ya mwaka huo nyumbani kwao Ufaransa. Baadaye alisafishwa, na mwaka 2020 WADA ilimwomba radhi na kukubali kumlipa. Euro ilikuwa imeshapita.

Hao walikuwa na mawakili. Kijana wa Temeke atampata wapi?

Kilichoandikwa na kilichomo

Utafiti uliofadhiliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ulipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 kati ya 2000 na 2001. Kati yake, 94, sawa na asilimia 14.8, vilikuwa na homoni au viasili vyake ambavyo havikuandikwa kwenye lebo.

Kanuni za WADA nazo hazina huruma: mchezaji ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Kusema alipewa na mwalimu hakumfutii kosa.

Sahani kwanza

Si kila kopo ni sumu. Kriatini, gramu tatu hadi tano kwa siku, na kafeini ni kati ya vichache vyenye ushahidi mzuri wa kisayansi, na vyote viwili vinaruhusiwa michezoni. Lakini mwalimu anayejua kazi yake anaanza na msosi.

Mchezaji anahitaji kama gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 84 hadi 140. Yai moja lina gramu sita, glasi ya maziwa nane, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Gramu 50 za dagaa wakavu zinatoa kama 25, sawa na kijiko kizima cha unga wa kwenye kopo. Ugali, wali, viazi na ndizi ndiyo mafuta ya gari: bila hivyo, dakika ya 70 miguu inagoma.

Aanzie wapi?

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC) ipo hapahapa Dar es Salaam. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Orodha mpya ya WADA ya vitu vilivyopigwa marufuku huanza kutumika kila Januari Mosi, na kuisoma ni bure.

Kabla ya kumpa kijana kopo, mwalimu ajiulize: limesajiliwa? Lebo yake inasomeka na kueleweka? Kila kilichoandikwa kimelinganishwa na orodha ya WADA? Jibu moja likikosekana, kopo libaki dukani, kijana apelekwe kwa daktari au mtaalamu wa lishe.