Damu Inayofichwa na Leso

Korogocho na Viwandani ni mitaa ya mabanda jijini Nairobi, na hospitali kubwa haziko mbali nayo. Hata hivyo, watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya, waliochunguza vifo vya miaka ya 2003 hadi 2005 huko walikadiria kuwa wanawake 706 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kadirio la Kenya nzima wakati huo lilikuwa 414. Ile imani kwamba mzazi wa mjini ana nafuu kuliko wa kijijini iliishia hapo.

Kinachoua wazazi wengi zaidi duniani ni kutokwa na damu. Mimba ikikomaa, nusu lita ya damu au zaidi hupita katika nyumba ya uzazi kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Kazi ya kuifunga ni ya msuli wa nyumba ya uzazi wenyewe: nyuzi zake zimepishana huku na huku, na zinapojikaza huikaba mishipa inayopita katikati yake. Msuli ukilegea, damu hutiririka, na mama aliyeingia leba akiwa mzima anaweza kufariki kwa saa mbili hivi.

Tena mwili wake hudanganya. Mimba humwongezea mama damu kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, kwa hiyo anaweza kupoteza nyingi huku bado anazungumza na kuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Kisha presha huporomoka ghafla. Mwenye upungufu wa damu, na hao ni wengi pale nyama inapoonekana kwa nadra, huzidiwa mapema zaidi.

Kwa miaka mingi mkunga alikadiria damu hiyo kwa macho. Lakini leso hunywa damu, godoro hunywa, nyingine huchanganyika na maji ya uzazi, na makadirio huwa ya chini. Utafiti wa E-MOTIVE, uliotoa matokeo yake mwaka 2023, ulijaribu kitu cha bei nafuu: mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, unaotandikwa chini ya mzazi. Ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na wanawake zaidi ya 210,000. Katika huduma ya kawaida, karibu nusu ya waliovuja damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Kwa mfuko, walitambuliwa 93 kati ya kila 100. Damu ikifika kwenye mstari, tiba zote zilianzishwa kwa mkupuo: kukanda tumbo, sindano ya oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu, kisha kutafuta panapovuja. Waliopatwa na madhara makubwa walipungua kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Nausifu mfuko huo, ila unamfaa aliyekwisha kufika. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kwenda, wa kufika, na wa kuhudumiwa. Mfuko unatibu wa tatu. Kenya ilipofuta ada ya kujifungua katika vituo vya umma mwaka 2013, ilipunguza makali ya ule wa kwanza. Wa kati umebaki pale pale: vichochoro visivyopitisha gari, nyumba zisizo na namba ya kumwelekeza dereva wa ambulensi, wezi wa usiku, na bodaboda anayetaka pesa kwanza.

Kwa anayeshindwa kufika akazalia nyumbani, sindano ya oksitosini si jawabu rahisi, maana hutaka kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Vidonge vya misoprostol, vinavyozuia pia kuvuja damu, havihitaji friji, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu wahudumu wa afya ya jamii kuvitoa pasipo na mkunga aliyesomea. Baadhi ya serikali huviogopa kwa sababu vinaweza pia kutoa mimba.