Kikilia Saa Nane Usiku, Nani Atasikia?

Jioni katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, ndizi zilizobaki hufunikwa, marobota ya mitumba hukazwa kamba, na wenye maduka huteremsha milango ya chuma na kubana kufuli. Kisha kila mtu hushika njia yake: huyu Nyanchwa, yule Suneka, mwingine Nyamira. Mali hubaki pale pale, na mara nyingi mali hiyo ni mtaji wote wa familia. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi siku hizi humwita fundi awafungie king'ora.

Mtu anaponunua king'ora huuliza kinalia kwa nguvu kiasi gani. Swali hilo lina maana, lakini halitoshi. Chukua king'ora cha desibeli 110 kwa umbali wa mita moja, kiwango cha kawaida kwa vifaa vya dukani. Sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kwa hesabu hiyo, kilomita moja kutoka dukani hubaki desibeli 50 hivi, tena kama hakuna ukuta wala kilima njiani, na Kisii ni mji wa vilima. Mvua kubwa ikipiga paa la mabati lisilo na dari, kelele ndani ya nyumba hupita desibeli 70. Mwenye duka aliyelala umbali huo hasikii kitu. Mlinzi wa karibu huenda akasikia, lakini peke yake dhidi ya kundi hana la kufanya.

Kwa hiyo roho ya mfumo wa king'ora haimo katika sauti yake. Imo katika kile kifaa kidogo kinachochukua habari na kuitoa nje ya jengo, ambacho mafundi hukiita daila. Sensa za milango zikiwa nzuri namna gani, daila ikinyamaza, duka liko peke yake.

Uhusiano wa king'ora na simu ni wa tangu simu ilipozaliwa. Mnamo 1853, Augustus Pope wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya king'ora cha umeme cha kuzuia wezi. Edwin Holmes alinunua haki hizo na kusambaza nyaya kutoka majumbani na madukani mjini Boston hadi ofisi yake, ambako karani alikaa macho usiku kucha. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu, mwanawe Holmes aliunganisha simu kwenye nyaya zile zile za ving'ora na kuendesha mojawapo ya vituo vya kwanza kabisa vya kuunganishia simu duniani. Nyaya zilizotangulia zilikuwa za king'ora; simu ndiyo iliyokuja kupanda juu yake.

Baadaye mambo yakageuka, king'ora kikawa mpangaji kwenye waya wa simu. Mpango huo ulikuwa wa ustadi mkubwa, na unafaa kueleweka hata na fundi wa leo ambaye hajawahi kuugusa. Waya wa simu ya mezani hubeba umeme wa volti 48 hivi ukiwa umetulia. Mtu akiinua mkono wa simu, volti hushuka hadi chini ya 12. Paneli ya king'ora, yaani kisanduku kinachoendesha mfumo, hupima volti hizo kila mara. Zikipotea kabisa, inajua kwamba waya umekatwa, na inaweza kuanza kulia hata kabla ya mlango kuguswa.

Kazi ya kwanza ya fundi ilikuwa kuchagua mahali pa kuunga. Waya unaotoka kwenye nguzo ulipaswa kuingia kwanza ndani ya paneli, ndipo utoke kwenda kwenye simu za dukani. Sababu ni kwamba mwizi aliyeingia angeweza kuinua tu mkono wa simu ya kaunta na kuiacha wazi. Laini ingeonekana ina shughuli na king'ora kisingeweza kupiga popote. Paneli ikitangulia, swichi ndani yake hukata simu zote za jengo kwa muda, hunyakua laini na kupiga. Fundi aliyeunga kinyume aliacha mfumo unaofanya kazi vizuri kila siku isipokuwa siku ya mwizi.

Upande wa pili kulikuwa na kituo cha ulinzi chenye mashine ya kupokea. Katika mfumo wa Contact ID, ulioenezwa na kampuni ya Ademco ya Marekani na kutumiwa mpaka leo, mashine ya kituo hupokea simu na kutoa milio miwili mifupi, mmoja wa hezi 1400 na mwingine wa hezi 2300. Hiyo ndiyo hodi na karibu yake. Daila hujibu kwa tarakimu 16 zinazotumwa kwa toni zile zile zinazosikika ukibonyeza vitufe vya simu: nambari ya mteja, aina ya tukio, sehemu ya jengo, na mahali hasa penye sensa. Tukio la 130 ni wizi, 110 ni moto, 301 ni stima kupotea. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: jumla ya zote lazima igawanyike kwa 15, huku sifuri ikihesabiwa kuwa 10. Jumla isipogawanyika, kituo hukaa kimya. Ikigawanyika, kituo hutoa mlio mrefu wa kukiri kwamba habari imefika. Daila isipousikia mlio huo, hutuma tena. Tarakimu zote hutoka kwa muda usiofika sekunde mbili.

Tazama jinsi waliobuni mfumo huo walivyokataa kuamini kwamba kutuma ni sawa na kufika. Mtumaji hatulii mpaka akiriwe. Sharti hili moja ndilo ningependa kila fundi wa Kisii alibebe katika kila kazi anayofanya, hata kama teknolojia imebadilika, maana ndilo linalopotea kwanza watu wanapotafuta urahisi.

Nayo teknolojia imebadilika kweli. Enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, kupata laini ya simu kwa duka la Kisii kulikuwa kazi ya subira. Shirika hilo liligawanywa 1999, na Telkom Kenya ikarithi waya. Mwaka uliofuata simu za mkononi zikaanza kuenea kwa kasi, huku wezi wakikata nyaya za shaba na kuziuza kama vyuma chakavu. Wizi wa miundombinu ulifika mahali ambapo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kwa miezi kadhaa. Kwa duka la Daraja Mbili leo, waya wa simu haumo tena katika hesabu. Habari ya king'ora husafiri kwa laini ya simu ya mkononi.

Wapo waliodhani kwamba paneli ya zamani ingehamia tu kwenye simu ya mezani isiyotumia waya. Ukiiunga, mlio wa laini unasikika, namba inapigwa, kituo kinapokea, kisha ujumbe unaharibika. Sababu iko katika namna mtandao wa simu za mkononi unavyobeba sauti. Ili kubana nafasi, mtandao hauibebi sauti kama ilivyo. Huichambua kwa kufuata namna koo na kinywa cha binadamu kinavyotoa sauti, hutuma maelezo yake, kisha huijenga upya upande wa pili. Maneno ya mtu yanapita vizuri. Toni mbili safi zinazolia pamoja kwa sehemu ya ishirini ya sekunde hazifanani na maneno, na hufika zimekunjamana. Hakuna marekebisho ya fundi yanayoweza kuponya hilo. Dawa ni daila iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao huo, inayotuma habari kama data au ujumbe mfupi.

Daila za namna hiyo sasa zinauzwa kwa wingi. Nyingi hutiwa laini ya kawaida, hupewa namba kadhaa, na tukio likitokea hutuma ujumbe mfupi kisha hupiga kwa zamu. Hapa ndipo kazi ya kufunga inapohitaji akili kuliko bisibisi. Ujumbe mfupi hauna ahadi ya kufika papo hapo, wala haumwamshi aliyelala. Simu inayolia humwamsha. Chagua daila inayopiga na kudai aliyepokea abonyeze kitufe cha kukiri, isije ikaridhika kwamba simu imepokewa kumbe imejibiwa na sauti ya kurekodiwa ya mtandao. Namba ya kwanza iwe ya mtu aliye karibu na duka na anayeweza kufika, hata kama si mwenye mali. Mwenye duka anayeishi Nairobi akipigiwa kwanza, dakika za thamani zinakwenda katika kumtafuta jirani. Namba za dharura, 999 na 112, zapasa kupigwa na mtu aliyehakikisha na anayeweza kueleza mahali, si mashine inayorudia sauti iliyorekodiwa. Na ukichagua kampuni ya ulinzi yenye kituo cha saa 24, uliza kama imesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016.

Paa na kuta za mabati huzuia mawimbi ya redio. Daila iliyofichwa ndani ya kabati la chuma kwenye kibanda cha mabati inaweza kuonyesha mtandao mchana na kuukosa usiku wa mvua. Antena itolewe nje, mahali pa juu, pasipofikika kwa mkono.

Halafu kuna radi, na Kisii haiwezi kuzungumziwa bila radi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima hii ikipata joto la mchana, na jioni ngurumo huanza. Bonde zima la ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Tororo, upande wa Uganda, iliwahi kurekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka katika kipindi cha 1967 hadi 1976. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000. Ikiingia ardhini kupitia ethi yenye ukinzani wa omu 10, volti za mahali hapo hupanda hadi laki tatu kwa muda mfupi mno. Si lazima ilipige duka lako. Ikipiga jirani, waya mrefu wa stima au waya wa sensa uliozunguka jengo hunyonya msukosuko wa kutosha kuua paneli. Kuondoka kwa waya wa simu kumefunga mlango mmoja wa radi, lakini mingine ingali wazi. Kwa hiyo kinga ya radi iwekwe kwenye njia ya stima, nondo ya ethi ichomekwe kwenye udongo wenye unyevu, na waya wake uwe mfupi na mnyoofu. Ethi iliyounganishwa kwa mazoea, bila kupimwa, haimkingi mtu.

Stima nayo hukatika, na Agosti 25, 2023 ilikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Betri ya kawaida ya paneli ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Mfumo unaokula ampea 0.2 ungedumu saa 35 kwa hesabu ya karatasi. Betri iliyochakaa haifiki hata robo ya hapo, na betri hizi huchakaa bila kuonyesha dalili kwa nje. Baada ya miaka mitatu hadi mitano ibadilishwe, hata kama taa ya paneli bado ni ya kijani.

Laini ya daila nayo ina njia yake ya kufa kimya. Huwekwa, husahaulika, salio huisha, na isipotumika kwa muda mrefu mtandao huifunga. Hakuna king'ora kitakachokuambia hayo, kwa sababu chombo cha kusema ndicho kilichokufa.

Suluhisho ni la zamani, na linafanya kazi. Ukimya wenyewe ufanywe kuwa taarifa. Daila ipangwe kutuma ripoti ya uhai kwa vipindi maalumu. Katika Contact ID tukio hilo lina nambari yake, 602. Saa ya ripoti ikipita bila kitu, kituo au mwenye duka anajua kuna kasoro, iwe ni betri, laini, radi, au mwizi mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi. Ripoti ya mara moja kwa siku ni afadhali kuliko hakuna, lakini inaacha mwanya wa saa 24. Mifumo ya data inaweza kuripoti kila baada ya dakika chache kwa gharama ndogo, na kwa duka lenye mali nyingi hiyo ndiyo ya kudai. Daila yenye nafasi ya laini mbili za mitandao tofauti huongeza usalama zaidi.

Kuna jambo moja la kutazama mbele. Huko Marekani, AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwaka 2022, na vifaa vya ving'ora vilivyotegemea mitandao hiyo vikawa havina kazi. Uingereza inafunga mtandao wake wa zamani wa simu za waya, na Januari 2027 ndiyo tarehe iliyowekwa. Daila nyingi za bei nafuu madukani kwetu ni za 2G pekee. Ukiwa na uwezo, nunua ya 4G.

Na kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho, mwombe afanye mambo matatu mbele yako. Azime stima kwenye swichi kuu, afungue mlango uliolindwa, mhesabu dakika mpaka simu ya jirani iite. Kisha atoe antena, mwone kama mfumo unalalamika au unanyamaza. Mwisho arudishe kila kitu, na akuonyeshe ripoti ya uhai ikiingia kwenye simu yako. Akikataa, usimlipe. Akikubali na kila kitu kikaenda sawa, rudia jaribio hilo mwenyewe kila mwezi, ukiwaarifu majirani kwanza.