Kikoba, Karani na Kiti cha Bungeni

Unaweza kudhani karani wa sensa anayegonga mlango Kizota hana uhusiano wowote na mbunge. Anao. Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, na moja, Mtumba, likamegwa kutoka Dodoma Mjini. Kigezo kikubwa kilikuwa idadi ya watu: jimbo la mjini angalau 600,000. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Dodoma lina watu 765,179, kutoka 410,956 mwaka 2012. Bila hesabu hiyo, hoja ya kugawa jimbo ingebaki stori ya kijiweni.

Sasa nani hupotea kwenye hesabu? Sensa yetu huuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba nane: yupo kuli wa maghalani anayetoka alfajiri na kurudi usiku, yupo binti anayemsaidia mama lishe, yupo mwanafunzi. (Agosti vyuo vingi huwa likizo, kwa hiyo huyu wa mwisho anahesabiwa kwao, Kizota anatumia maji na zahanati tu.) Karani mgeni atajuaje chumba cha uani kina watu? Mama wa kikoba anajua, maana ndiye anayewadai marejesho.

Ndiyo maana kuvipa vikundi vya mtaani fedha si anasa. Sensa ya Marekani ya 2020, jimbo la California lilitenga dola milioni 187 za kuhamasisha watu wahesabiwe, na asasi za kijamii zilipata fungu. Jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja cha bunge. Lingehesabu watu 89 zaidi, lingebaki nacho. Watu 89! Hiyo ni hosteli moja.

Kwetu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo, na hakuna kikundi kitakachokopa ili kikagonge milango ya watu. Inahitajika ruzuku ndogo ya nauli, vocha na posho ya siku chache, matumizi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Pesa isipitie kwa mwanasiasa, hapo wataibuka watu hewa. Kenya ilifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini katika sensa ya 2009 kwa sababu takwimu zilikuwa zimepanda kupita kiasi.

Ijayo inatarajiwa 2032. Sisi wa ualimu tutakuwa kazini, na mwaka 2022 walimu walikuwamo kwenye ukarani.