Mzazi, Ujue Chuo Kikuu Kabla ya Kutia Sahihi

Kila mwaka watoto wa wakulima wa Songea, Namtumbo, Mbinga na Tunduru huchaguliwa kwenda Chuo Kikuu. Ni heri kwa kijiji kizima. Lakini wazazi wengi huuza mahindi, hutia sahihi fomu ya mkopo, humpandisha mtoto basi, basi tena. Mtoto akirudi likizo anasema bumu, sapu, disko. Mzazi anaitikia tu, kumbe haelewi. Leo tuyaeleze mambo hayo.

CHUO KIKUU CHENYEWE

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu Mzumbe. Ni chuo cha serikali, mkoani Morogoro. Ukipanda basi la Dar es Salaam kutoka Songea, unapita Njombe, Makambako, Iringa na Mikumi. Kabla ya kufika mjini Morogoro unafika Mzumbe, karibu na milima ya Uluguru.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua hapo shule ya kufundisha machifu na watumishi wa serikali za wenyeji. Mwaka 1972, baada ya Uhuru, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu. Zamani mlango ule ulikuwa wa machifu na makarani. Leo mtoto wa mkulima wa Mpitimbi anaingia kwa matokeo yake ya kidato cha sita.

MASOMO YAKE

Sekondari kuna kengele na mwalimu wa zamu. Chuo Kikuu hakuna kengele. Mwalimu wa huko huitwa mhadhiri. Anasimama mbele ya wanafunzi wengi, pengine mia na zaidi, anaeleza somo, anataja vitabu, anakwenda zake. Kuvitafuta vitabu maktaba ni kazi ya mwanafunzi. Kisha wanakaa vikundi vidogo kujadili. Sisi tuliopita kisomo tunaijua njia hiyo: kila mtu huleta mawazo yake, siyo kusikiliza tu.

Mwaka wa masomo una mihula miwili. Katika vyuo vingi, alama 40 kati ya 100 hutokana na majaribio na kazi za muhula. Alama 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo anayestarehe akingoja mtihani, zile 40 zimekwisha kumpita.

Akishindwa somo, hufanya mtihani wa marudio. Huo ndio wanaouita sapu. Akishindwa zaidi, huondolewa chuoni. Hiyo ndiyo disko, na si ile ya kucheza muziki! Alama za masomo yote hufanyiwa wastani. Wastani wa juu kabisa ni 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza. Chini ya 2 hapati digrii.

Digrii nyingi za kwanza huchukua miaka 3. Uhandisi ni miaka 4, na udaktari ni miaka 5.

FEDHA

Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianza kazi mwaka 2005. Si kila mwanafunzi anayepata mkopo, na si wote wanaopata sawasawa. Fedha ya ada huenda chuoni. Fedha ya chakula na malazi humfikia mwanafunzi kwa mafungu. Hiyo ndiyo bumu. Vyumba vya chuo mara nyingi havitoshi, hivyo wengi hupanga mitaani na kujipikia. Anayemaliza fungu lake kwa nguo na simu, atalala na njaa kabla fungu jingine halijafika.

Wengine husema, "Hiyo ni fedha ya serikali." Sivyo. Ni deni. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Tuseme mshahara ni shilingi 700,000. Atakatwa shilingi 105,000. Basi usishangae mtoto akianza kazi na bado hana cha kukutumia.

Fomu ya mkopo hutiwa sahihi na mwanafunzi na mdhamini wake. Mara nyingi mdhamini ni wewe mzazi. Ulijifunza kusoma ili usiweke tena dole gumba gizani. Isome fomu yote, polepole. Usipoelewa, uliza kabla ya kutia sahihi.

MZAZI AFANYE NINI?

1. Soma mwenyewe barua ya kujiunga na chuo. Inaonyesha ada na mahitaji yote. Ada hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo. Usimpe mtu mkononi.

2. Usiuze mahindi yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na muhula wa pili huja miezi kadhaa baadaye. Tenga magunia ya kila muhula.

3. Usitegemee sana mikono yake likizo ndefu. Huenda akawa kwenye mafunzo ya kazi, au akarudi mapema kufanya sapu. Mwulize ni lipi kati ya hayo.

4. Kila muhula ukiisha, omba kuona matokeo. Usiulize kwa ukali. Mtoto anayeogopa nyumbani huficha sapu mpaka inakuwa disko.

5. Akipata matatizo, aende kwa Mshauri wa Wanafunzi. Vyuo vina ofisi hiyo.

Mtoto amesoma kuliko sisi, ni kweli. Lakini gunia ni la kwetu, na sahihi ni ya kwetu. Tuna haki ya kuuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini mkopo wa Chuo Kikuu si zawadi?
2. Mshahara ukiwa shilingi 900,000, mkato wa asilimia 15 ni kiasi gani?
3. Kijijini kwenu, wazazi wanaweza kusaidianaje kuweka akiba ya masomo?