SKRINI YA PICHA HAICHAGULIWI KWA KUNG'AA
Na Mpiga Picha wa Chama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo mimi nimeionja. Nina kisa, na ndani yake mna funzo kwa chama chetu, maana kamati inapanga kununua skrini mpya ya kompyuta ya kutengenezea picha za jarida.

Katika toleo lililopita tulimtengea ukurasa mzima mpishi wetu aliyekuwa akistaafu. Picha nilipiga mimi, nikairekebisha mimi. Kwenye skrini ya chumba cha kompyuta ilimeremeta ajabu! Nikaona mwanga umezidi, nikaupunguza mara mbili tatu. Jarida lilipotoka kuchapishwa, lo! Uso ulikuwa giza tupu, kofia nyeupe tu ndiyo iliyoonekana. Mzee wa watu aliutazama ukurasa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni nani?" Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwanza nilitaka kumlaumu mchapishaji. Kumbe kosa lilikuwa langu. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, ilhali karatasi huangazwa tu na mwanga wa mahali ilipo. Skrini iking'aa kupita kiasi hukudanganya, nawe unaitia picha giza bila kujua. Mwangaza hupimwa kwa kandela kwa kila mita mraba. Kwa picha za kuchapishwa, wajuzi wengi huuweka kati ya 80 na 120, lakini skrini nyingi zinaweza kupita 250. Yangu ilikuwa imewashwa hadi mwisho.

Je, tununue skrini ya namna gani?

Kwanza, tuangalie aina ya kioo. Kuna TN, VA na IPS. Kile cha TN huwa rahisi, ila ukiinama kidogo rangi hubadilika. Ndiyo sababu mimi na mwenzangu tuliokaa bega kwa bega tulikuwa tukibishana kuhusu picha moja! IPS hutulia hata ukiitazama kwa upande. Dukani, omba uonyeshwe picha ya kijivu, kisha chuchumaa, simama, sogea kando. Ikigeuka geuka, achana nayo.

Pili, rangi. Mwaka wa 1996 kampuni za HP na Microsoft zilitoa kipimo kiitwacho sRGB, na hadi leo ndicho kinachotumiwa kwa picha nyingi za kawaida. Tutafute skrini inayofikia asilimia 100 ya kipimo hicho, au karibu sana.

Tatu, ukubwa. Najua baadhi ya wanakamati wanataka skrini kubwa kama televisheni. Polepole, wenzangu! Picha huundwa na vitone vidogo viitwavyo pikseli. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 inatosha. Ukichukua ya inchi 27 yenye pikseli hizo hizo, hujaongeza kitu; vitone vimetanuliwa tu. Ya inchi 27 inafaa iwe na 2560 kwa 1440, na hapo bei nayo hupanda.

Nne, tukishainunua tusiielekeze dirishani, wala tusitumie mpangilio wa michezo au sinema, kwani huweza kubadilisha rangi. Kipo kifaa maalum cha kupima rangi za skrini. Fedha zikikosekana, tuchapishe picha moja ya majaribio, tuishike kando ya skrini penye mwanga mzuri, kisha tupunguze mwangaza wa skrini hadi viwili hivyo vikaribiane.

Hilo la mwisho nimelijaribu mwenyewe kwa skrini yetu ile ile. Bahati njema, nakala asili ya picha ya mzee nilikuwa sijaifuta. Nimeirekebisha upya, nikachapisha ya majaribio, na safari hii tabasamu lake linaonekana. Imo katika toleo hili, nami nitampelekea nakala yake kwa mkono wangu.

Basi kamati, mnapokwenda dukani msivutwe na inchi wala mng'aro. Skrini bora ni ile isemayo kweli.