Kisu cha Mfukoni: Kukichagua na Kukitaja

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri kwa basi na wanafunzi wetu kwenda Nairobi. Mlangoni mwa jengo moja la katikati ya jiji, askari wa ulinzi alimwuliza mwanafunzi mmoja kama alikuwa na kitu chochote mfukoni. Kijana yule, aliyekuwa mkweli kuliko ilivyohitajika siku ile, alijibu kwa sauti ya darasani: "Ndiyo, afande, nina chuma kidogo." Watu waliokuwa nyuma yetu katika foleni walirudi nyuma hatua mbili. Askari alishika simu yake ya upepo, akatuamuru sote tusimame kando. Katika mitaa ya Nairobi neno hilo huweza kumaanisha bastola. Kilichotolewa mfukoni kilikuwa kisu cha kukunja cha kumenyea matunda, kisichozidi urefu wa kidole. Ilitubidi tutoe vitambulisho na maelezo kwa karibu robo saa kabla ya kuruhusiwa kuingia, na kisu kilibaki mlangoni.

Kosa lile lilikuwa letu sisi walimu. Mwanafunzi alikuwa ametafsiri neno la nyumbani bila kubadilisha chochote. Kinyarwanda hutumia neno icyuma kwa maana ya madini ya chuma, na pia kwa kile ambacho Waswahili hukiita kisu. Maneno icyuma na chuma yana shina moja, yote mawili yamo katika ngeli ya KI-VI, na wingi wake, ibyuma na vyuma, unafanana vilevile. Mwanafunzi akikuta neno linalofanana hivyo, haoni sababu ya kutafuta lingine. Tulikuwa tumemfundisha kwamba Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu. Hatukumwambia kwamba ndugu hawa hawakugawana vitu sawasawa.

Tangu Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hasa baada ya Kiswahili kufanywa mojawapo ya lugha rasmi za nchi mwaka 2017, wanafunzi wetu wanavuka mipaka zaidi kuliko sisi tulivyovuka katika umri wao. Ndiyo maana tumeona ni vyema tutumie kurasa hizi kuzungumzia kifaa hiki kidogo: namna watu wanavyokichagua, na namna kinavyotajwa.

Tuanze na jina. Kisu cha kukunja huitwa hivyo kwa sababu ubapa wake hukunjwa ukaingia ndani ya mpini. Wengine husema kisu cha mfukoni, nao hawakosei. Baadhi ya wenzetu wakubwa, waliosoma kwa Kifaransa, bado husema canif, na hatuna ugomvi nao. Neno kijembe nalo limo katika kamusi kwa maana ya kisu kidogo, lakini tunawashauri wanafunzi waliache. Siku hizi anayepiga vijembe anawasema watu kwa mafumbo, na wenye lugha watadhani unatafuta ugomvi.

Jambo linalowatatiza wanafunzi wa Kigali ni udogo. Kinyarwanda kina aka-, kwa hiyo kisu kidogo ni akuma, nao huja darasani na "kakisu". Mzizi wa kisu ni -su, silabi moja tu, na mizizi ya namna hiyo haitosheki na ki- peke yake inapotaka kuonyesha udogo. Husemwa kijisu, wingi vijisu, na kikiwa kikubwa cha kutisha ni jisu. Anayeona kijisu ni neno gumu aseme kisu kidogo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wakati wa chai tuliwaomba wenzetu wa idara watoe mezani visu walivyokuwa navyo, tukashangaa kwamba wanne kati yetu walikuwa na kisu mfukoni au mkobani, na kwamba kila mmoja alikuwa tayari kutetea chake kama mtu anavyotetea timu ya mpira.

Mwenzetu mmoja hubeba kile chekundu cha Uswisi. Asili yake ni karakana ya Karl Elsener, ambaye mwaka 1897 alisajili kisu cha maofisa chenye vifaa kadhaa vinavyokunjwa katika mpini mmoja. Hoja ya mwenzetu ni kwamba akiwa na kisu hicho ana bisibisi, kifungulio cha kopo na mkasi. Hatumbishii. Ila tumegundua kwamba mkasi ndio anaoutumia, na kisu chenyewe ni butu. Mwingine hupenda Opinel, kisu cha Savoie huko Ufaransa, kilichoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890. Visu hivyo hutajwa kwa namba kufuatana na ukubwa. Chake ni namba 8, chenye ubapa wa sentimita nane na nusu. Shingoni kina pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955, ambayo ukiizungusha, ubapa haukunjiki ukakukata vidole. Mpini wake ni wa mti mtupu. Ukilowa maji huvimba, na kisu hukataa kufunguka. Mwenzetu hukigongesha mezani huku akinung'unika, halafu hutuambia hakuna kisu bora kuliko hicho.

Cha tatu ndicho kilichotuvutia zaidi, kwa sababu kina historia inayotuhusu. Ni Okapi, ambacho mwenzetu alirithi kwa baba yake. Visu vya jina hilo vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili viuzwe katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Wakati huo Rwanda ilihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, hali iliyodumu hadi mwaka 1916. Jina lenyewe ni la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina mwaka mmoja tu kabla, yaani 1901. Kwa hiyo mnyama wa jirani zetu alikwenda Ulaya kama habari, akarudi kama kisu. Tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha watu wa kawaida: mpini wa mti wenye mapambo ya mwezi na nyota, ubapa mrefu mwembamba, na pete mgongoni ya kuvuta unapotaka kukikunja. Unapokifungua hulia ka-ka-ka, na mlio huo umekiharibia sifa. Huko Afrika Kusini, na hata Jamaika, watu wengi wakiusikia hufikiria wahuni kabla ya kufikiria maembe. Mwenzetu hukitumia kukatia kamba za mabunda ya mitihani. Hakifungui mbele ya wageni.

Sisi wenyewe tunapendelea kisu cha ubapa mmoja, mpini wa mti, na chuma cha kawaida kinachoshika kutu. Tunajua kutu ni usumbufu, lakini chuma hicho hunoleka upesi kwenye kinoo chochote, hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo kisichopakwa rangi. Visu vingi tunavyoviona masokoni hapa Kigali vinang'aa vizuri na havishiki kutu, wala havishiki makali. Anayenunua tunamshauri ajaribu mambo mawili: akifungue na kutikisa ubapa kuona kama unacheza kwenye msumari wake, kisha akikunje aone kama ncha imezama yote ndani ya mpini. Ncha inayochungulia itatoboa mfuko wa suruali, halafu paja.

Hapa mwalimu wa lugha anapata utajiri. Vitu vyote tulivyotaja vina majina: mpini, ubapa, ncha, makali, na kwa kisu kisichokunjwa, ala ya kukitia. Makali ni yale ambayo Kinyarwanda huyaita ubugi. Kinoo ni ityazo, na kunoa ni gutyaza. Maneno hayo hayafanani hata kidogo, na kwa sababu hiyo hayasumbui: mwanafunzi huyakariri mara moja, basi. Wembe na urwembe nao ni salama, kwa kuwa ni neno moja katika ngeli moja, ila Kiswahili kimeangusha r: wembe, wingi nyembe, urwembe, wingi inzembe.

Wasumbufu wakubwa ni vitenzi. Tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, siku ya kwanza tu tulisimama kwa muuza machungwa. Wauzaji wale hulizungusha chungwa mkononi, na ganda hutoka kama utepe mmoja mrefu, likaacha ngozi nyeupe bila tone la maji kudondoka. Mama mmoja mbele yetu akasema, "Nimenyee mawili." Sisi tuliotoka Rwanda tulitazamana. Kwetu kumenya ni kujua. Mama huyu alitaka kijana yule amjulie nini? Ndipo tulipoona ganda likianguka, tukaelewa kwamba kwa Kiswahili kumenya ni kuondoa ganda la tunda kwa kisu. Mpaka leo tunawakuta wanafunzi wanaoandika katika insha, "Ninamenya Kiswahili vizuri," na msahihishaji asiyejua Kinyarwanda hubaki akijiuliza lugha yetu ina maganda mangapi.

Kutema nako kuna mitego. Mswahili hutema mate, na pia hutema kuni. Kwa Kinyarwanda gutema ni kukata kwa chombo kizito, na mate hayamo. Kufua ni kuosha nguo, lakini mhunzi naye hufua chuma. Mnyarwanda angesema gucura. Kuchinja tunakutaja kwa sababu wakazi wa Kigali wanakuona kila siku bila kukutambua. Eneo la mafundi seremala na wa vyuma kule Gisozi liliitwa Agakinjiro, jina linalotokana na gukinja, ambalo sikio la Mswahili hulisikia mara moja. Baadaye lilibadilishwa kuwa Agakiriro, mahali pa kupatia utajiri, ingawa wengi bado husema lile la zamani.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu wa Rwanda hawezi kulipita akizungumzia makali. Zamani tulikuwa tukitumia kitabu kimoja cha mazoezi, na katika somo la kauli ya kutendwa kulikuwa na sentensi fupi: mtu fulani alikatwa kwa panga. Kwa mwandishi ulikuwa mfano tu wa kiambishi -w-. Tuliisoma kwa sauti, tukawaambia wanafunzi waibadilishe iwe kauli ya kutenda, yaani waseme nani alimkata. Hakuna aliyejibu. Mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma alikusanya vitabu vyake, akatoka polepole, na hatukumfuata kwa sababu hatukujua tungemwambia nini. Wengi wa darasa lile walikuwa watoto mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wanafunzi wetu wa sasa wamezaliwa baadaye, lakini wamelelewa katika nyumba zilizopitia mwaka ule.

Hatukulifuta neno panga. Ni zana ya mkulima, na anayejifunza Kiswahili atalikuta kila mahali. Tunalifundisha pamoja na jembe na mundu, shambani, kwenye migomba. Tulichobadilisha ni sentensi. Somo la kutendwa sasa lina embe: embe limemenywa, limekatwa, limegawanywa, limeliwa. Viambishi ni vilevile. Wapo wanaosema tunawadekeza wanafunzi; tunawajibu kwamba wale hawakuhitaji mwalimu wa sarufi awakumbushe.

Jambo hilohilo ndilo limetuamulia kisu cha kubeba. Hapa Kigali mtu hukaguliwa mlangoni mwa hoteli, benki na majengo mengi ya biashara, na mikoba hupitishwa kwenye mashine. Kwa hiyo tumechagua kifupi, kinachofunguliwa kwa mikono miwili, kisicho na mlio. Kikionekana, kionekane kuwa cha matunda. Tukijua tutaingia mjini tunakiacha ofisini. Kwa safari ya ndege kinawekwa ndani ya sanduku linalokwenda chini, si katika mkoba wa mkononi. Mwenzetu wa Opinel alisahau mara moja, na namba 8 yake ya kwanza ilibaki katika sanduku la plastiki la wakaguzi pamoja na mikasi ya watu wengine.

Na mkaguzi akiuliza, jibu liwe kamili: "Nina kisu kidogo cha kukunja, cha kumenyea matunda." Tumelifanyia mazoezi sentensi hii darasani, mmoja akiwa askari na mwingine msafiri, nayo inakusanya mambo mengi: sifa, kihusishi cha -a, kitenzi jina, na kauli ya kutendea yenye maana ya kifaa. Tunasisitiza pia kwamba isemwe kabla ya mkono kuingia mfukoni, si baadaye.

Somo la embe litarudiwa muhula ujao, wiki ya tatu, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila mmoja alete tunda lake. Kisu tutaleta sisi, kimoja, na kitapokezwa kwa kushikwa ubapani, mpini ukimwelekea anayepokea.