Takwimu za Jana Katika Ukurasa wa Leo

Zimekuwa nyingi, katika afisi za umma, ripoti zinazotazamwa kwenye kioo cha kompyuta badala ya kusomwa katika jalada. Rangi zake zapendeza, mistari yake yapanda na kushuka, na mkuu wa afisi huitazama na kukata shauri. Hapana ubaya. Lakini anayekata shauri kwa ripoti hiyo yampasa aulize kwanza: takwimu hizi zilichotwa lini?

Tuchukue Power BI, programu ya Microsoft iliyotolewa kwa umma mwaka 2015. Ripoti inayotazamwa mtandanoni humo ni dirisha tu. Takwimu zimo katika hazina iliyo nyuma yake, na hazina hiyo, mara nyingi, ni nakala ya madaftari ya afisi. Nakala isipohuishwa hubaki kama ilivyokuwa siku ya kunakiliwa, hata daftari lenyewe likijazwa kurasa 10 zaidi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Juu ya ripoti kuna kitufe cha kuhuisha. Mtendaji hukibonyeza, picha hutikisika kidogo, naye huridhika kuwa amepata habari mpya. Kumbe kitufe kile huiuliza tena hazina ileile. Hakifiki kwenye daftari. Kuihuisha hazina yenyewe ni amri nyingine, itolewayo mahali pengine, na aghalabu na mtu mwingine. Amechota mara ya pili katika mtungi uleule, akadhani ametoka kisimani.

Mambo huwa mazito zaidi pale hazina moja inapoitegemea nyingine. Tuseme hazina ya bohari hukusanya hesabu ya mchele saa 8 usiku, na hazina ya bei, inayonakili kutoka kwa ya bohari, huhuishwa saa 7. Kila moja imetimiza kazi yake, wala hapana alama ya kosa. Lakini ya pili itakuwa nyuma kwa siku moja daima. Ramadhani imekaribia, meli imechelewa, na mkuu anasoma kuwa mchele upo. Dawa yake si kuhuisha mara nyingi zaidi. Leseni ya kawaida huruhusu ratiba ya mara 8 kwa siku, na ile ya Premium mara 48, lakini mara hizo zote hazifai kitu ikiwa mpangilio umepinduka. Ya kwanza imalize, ndipo ya pili ianze, na kati yao iachwe nafasi, kwani ratiba nayo huweza kuchelewa.

Kuna na balaa la kimyakimya. Nywila ya daftari hubadilishwa, kuhuisha kukashindikana; kukishindikana mara 4 mfululizo, programu huizima ratiba. Taarifa hupelekwa kwa mwenye hazina, naye huenda amestaafu, au amehamishiwa kisiwa cha pili, na sanduku lake la barua halifunguliwi na mtu. Ripoti haijifungi. Huendelea kuonyesha takwimu za mwisho kwa rangi zilezile. Mwandishi wa makala haya amepata kukaa katika kikao ambapo wajumbe walibishana karibu saa nzima juu ya upungufu uliokwisha zibwa wiki mbili nyuma. Hapana aliyesema uongo.

Karani wa zamani, aliyeandika kwa wino, hakuitoa karatasi mezani kwake bila tarehe na sahihi, kwani hesabu ya umma ni amana. Tunayoyataka leo si makubwa kuliko hayo: juu ya kila ripoti iandikwe siku na saa hazina ilipohuishwa mara ya mwisho, si siku ripoti ilipofunguliwa, na kila hazina iwe na waangalizi wawili wenye majina, ili mmoja akihama mwengine azipokee taarifa. Fundi anayeijua kazi yake huiweka tarehe hiyo kwa muda mfupi, pindi mkuu wake akimwagiza.